Mwisho Ambao Baba Hakuuona

Kilabu chetu cha wasomaji hapa Likasi kilinipa kazi niliyoitamani kwa miaka: kuandika uhakiki wa sehemu ya pili ya ile filamu, usomwe redioni Jumamosi. Nasema ile filamu kwa sababu hapa Shituru, mtaa wetu, hakuna aliyewahi kuijua kwa jina lake. Sisi tuliiita Filamu ya Shimo. Ni habari ya kale sana. Jemadari anasingiziwa uhaini, anavuliwa silaha, anatupwa kwenye mgodi wa madini ya fedha ili afie huko akichimba. Anaongoza uasi wa wachimbaji. Mwishoni mfalme anaamuru mlango wa mgodi ubomolewe, jemadari akiwa ndani.

Filamu ilikuwa ya Kifaransa cha haraka, na baba ndiye aliyetufasiria. Wiki nzima alikuwa fundi kiwandani, anarudi mikono ikinuka asidi. Jumapili, baada ya misa, alikaa kando ya televisheni katika ukumbi wa kambi ya wafanyakazi, kipaza sauti mkononi, na kuwageuza watu wote wa filamu kuwa watu wetu. Malkia alisema kama mke wa msimamizi. Askari walitukana kama vijana wa sokoni. Shujaa, ambaye kwetu huitwa akteri, alisema polepole, kwa sauti ya baba mwenyewe akiwa amechoka.

Kaseti yetu ilikuwa imeliwa na mashine. Mlango wa mgodi ulipoporomoka na vumbi likajaa kiooni, picha ilichezacheza, kisha zikabaki chenga nyeupe. Baba hakuweka kipaza sauti chini. Alifasiri zile chenga. Akteri anatambaa gizani siku tatu, alisema. Anasikia maji. Anayafuata. Siku ya tatu anatokea ng'ambo, kando ya mto, uchi, na mwanamke anayefua nguo anamtupia kitenge ajifunike. Ukumbi ulilipuka. Kaka yangu, aliyenizidi miaka minne, aliruka juu ya benchi kila Jumapili kana kwamba hakujua kinachokuja.

Niliiona filamu nzima baadaye sana, nikiwa chuoni Lubumbashi, kwenye kompyuta ya rafiki. Hakuna mto. Hakuna kitenge. Kioo kinabaki cheusi, unasikia pumzi ya mtu mmoja, kisha husikii tena. Sikumwambia yeyote. Mwezi uleule nilianza kuandika riwaya yangu ya kwanza, na nikisema kweli, niliianzia kwenye ule mto usiokuwepo.

Miaka mitano iliyopita kaka alikwenda kuchimba Shinkolobwe, mgodi uliofungwa ambao watu hawajaacha kuuingia. Mama alisimama mlangoni akiwa na unga mikononi.

"Weye, ile shimo inakulaka bantu."

Kaka alicheka, akamfunga mama kitambaa chake vizuri kichwani. "Mama, akteri hakufwake."

Akteri hafi. Ndiyo sheria ya filamu zote, kila mtoto wa kambi anaijua.

Shimo liliporomoka alasiri. Rafiki zake wawili walitokea kwenye mdomo wa njia ya zamani, upande wa pili wa kilima, wamejaa tope hadi masikioni. Yeye hakutokea. Kabla ya jua kuzama watu wote walikuwa wamefukuzwa, na baada ya siku chache shimo lilikuwa limefukiwa. Hatukupata mwili.

Mama alitaka kilio. Alitaka mikeka mbele ya nyumba, picha juu ya kiti, majirani, misa, alie mpaka amalize. Baba alikataa. "Nani alimuona?" aliuliza. Waliokuja kutupa pole aliwapokea langoni kwa heshima na kuwarudisha. "Murudie, bandugu. Hapa hakuna kilio." Wawili walitokea ng'ambo, alisema, kwa nini si wa tatu? Labda alikamatwa njiani. Ndipo alipoanza kwenda gereza la Buluo, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa baiskeli, na sufuria ya bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwa kitambaa. Alitaja jina la kaka mlangoni. Walinzi walitafuta, wakamwambia hayupo. Aliacha chakula kwa wafungwa wasio na ndugu, akarudi akikohoa.

Mama ndiye aliyesonga bukari ile. Miaka mitano.

Mimi nilijua baba aliitoa wapi ile njia ya kutokea ng'ambo, na nilinyamaza. Nilijiambia ni huruma. Sikuwa na hakika.

Sehemu ya pili ilitufikia asubuhi ya Jumapili ndani ya flashi, imenakiliwa mara nyingi hata rangi zimefifia. Parokia ilitoa ukumbi na mashine ya kuonyeshea ukutani. Wazee wa kambi walipopata habari walikuja nyumbani kwa kundi. "Papa mufasiri, utatuachilia kwa Kifaransa, sisi bantu yako?" Baba alipiga pasi shati. Nilijaribu kumzuia.

"Papa, ile ya kwanza, mwisho yake unaikumbuka?"

"Minye njo nilisemaka mwisho," alinijibu akifunga vifungo. "Weye utaniuliza?"

Nilimfuata hadi ukumbini.

Ukumbi ulijaa mapema alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Wanawake walikaa upande mmoja, mama katikati yao. Wazee walioacha kazi mgodini walikaa mbele, na filamu haikumaliza dakika tano kabla hawajaanza kuikosoa.

"Angalia ile miti ya kubeba mwamba! Haibebe hata kuku."

"Na hakuna anayekohoa. Mugodi gani hii?"

"Munyamaze, papa asikie!"

Baba alifasiri vizuri. Sauti ilikuwa imekwaruzika, lakini watu walikuwa hai mdomoni mwake kama zamani. Miaka ishirini imepita, alisema. Binti wa jemadari amekua, amekodi watu, anafungua mgodi wa baba yake.

"Anatafuta nini mule?" mtu aliuliza. "Akteri alitokaka!"

"Ngoja, papa atasema."

Mienge ikaingia shimoni. Mwanga ukapita juu ya ukuta, ukarudi, ukatulia. Mifupa ilikuwa imekaa, mgongo ukutani, na mkononi mlikuwa na bangili ya chuma ya akteri, ambayo kila mtu ukumbini aliijua tangu filamu ya kwanza. Binti alipiga magoti, akaanza kusema.

Kipaza sauti kilinyamaza. Nilisikia tu kifua cha baba kikipiga mluzi.

"Anasema," baba alianza. "Anasema hii mifupa ni ya rafiki yake. Akteri alimuachiaka bangili."

Makofi yalipigwa. "Njo vile! Nilisema minye!" Mzee mmoja alimpiga jirani yake begani kwa furaha.

Mama alisimama. Mama hajui Kifaransa. Shule aliiacha mapema kuliko sisi sote.

"Papa ya batoto," alisema, bila kupaza sauti. "Ule mwana iko analia. Muntu halilie mifupa ya rafiki vile. Sema ile anasema."

Kijana wa mashine alisimamisha filamu, sijui kwa nini, labda kwa hofu tu. Binti alibaki ukutani, mdomo wazi, mkono wake juu ya bangili. Baba aliutazama ukuta muda mrefu, kisha akamtazama mama.

"Anasema: papa, nilikawia. Bantu baliniambia ulitokaka. Kumbe ulikalaka tu hapa."

Akaendelea kwa sauti ileile, kana kwamba bado anafasiri.

"Kaseti yetu ilikatikaka pale pa vumbi. Minye sikuonaka mwisho. Muniachilie."

"Myaka yote ile, papa?" mzee wa mbele aliuliza.

"Myaka yote."

Mtu wa nyuma alicheka kidogo, akaacha. Baba alimfanyia kijana ishara aendelee, akafasiri saa mbili zilizobaki neno kwa neno, bila kuongeza kitu, na filamu ikawa ndefu sana.

Tulipofika nyumbani mama hakumngoja. Alitoa mikeka akaitandika mbele ya mlango, akaketi chini, akanyoosha miguu, akavua kitambaa cha kichwa. Baba aliingia ndani, akatoka na picha ya kaka, ile ya kipaimara, akaiweka juu ya kiti. Kisha akatoka langoni. Nilimfuata kwa sababu alikuwa akiyumba. Alisimama kwenye lango la kila mtu aliyewahi kumrudisha, akabisha.

"Bandugu, mutoto yetu alikufwa. Mukuye ku kilio."

"Lini, papa?"

"Inapita myaka tano."

Walichukua viti vyao wakaja. Nyuma yetu, kutoka nyumbani, sauti ya mama ilianza, na ilikuwa sauti nisiyoijua.

Uhakiki niliuandika siku ya tatu ya kilio, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi juu ya goti. Niliandika kwamba sehemu ya pili ni dhaifu kuliko ya kwanza. Baada ya mifupa inakuwa kelele: meli zinazoungua, farasi wengi mno, binti anayeua watu mia bila kuchubuka kidole. Muziki unakuambia ulie kabla hujapata sababu. Wachimbaji wana meno meupe. Niliandika kwamba ina onyesho moja la kweli, la mtu anayefika amechelewa na kukuta kile ambacho wengine walimficha kwa kumpenda, na kwamba aliyelitengeneza alijua jambo fulani, kisha akaogopa kubaki nalo. Niliandika pia kwamba kwa miaka mingi filamu ya kwanza ilionyeshwa Shituru ikiwa na mwisho mwingine, na kwamba mimi nilijua. Hapo kalamu ilisimama. Sikutaja nilichonyamazia nyumbani kwa miaka mitano. Wasikilizaji wa redio hawakukihitaji, na yule aliyekihitaji, mama, alikuwa mkekani, amelala kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Nilimwambia alipoamka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na weye pia," akageukia ukuta.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata niliamka nikasikia mwiko sufuriani: alikuwa mama, anasonga bukari. Baba alikuwa nje, anajaza upepo kwenye tairi. Nilichukua baiskeli ya jirani nikaenda naye Buluo.

Mlinzi alimjua tangu mbali. Alipokea sufuria, akangoja.

"Papa, leo hautaji jina?"

"Apana," baba alisema. "Mupatie tu bale habana ndugu."

Alikaa kwenye jiwe kando ya ukuta, kifua kikipiga mluzi, akingoja sufuria irudishwe tupu.