Kadi ya Mzee Casimir haikufika kwa wapimaji

Saa kumi na mbili asubuhi, theluji ya Erie, Pennsylvania, bado haijazolewa barabarani, na Roxanne Dubicki analizunguka basi lake la njano akipiga matairi teke, moja baada ya jingine. Taa zinawaka. Breki ziko sawa. Anapanda, anawasha injini na kuvua glavu kwa meno.

Kabla ya kufika hapa ameshamwogesha baba yake. Mzee Casimir, mwenye umri wa miaka 84, hawezi tena kupanda ngazi, na bafu la nyumba yao liko ghorofani. Kwa hiyo kila siku Roxanne huweka beseni jikoni, hufunga mapazia, na baba mtu hugeukia ukutani.

"Wakati huo hatutazamani," anasema Roxanne. "Akiongea, anaongelea besiboli."

Majira ya kupukutika majani, fundi alikuja kukipima chumba cha kufulia ili kigeuzwe bafu. Alitaka dola 14,000. Roxanne, aliyeendesha mabasi ya shule kwa miaka 22, hupata kama dola 2,000 kwa mwezi, na shule zikifungwa kiangazi halipwi kitu. Ndipo akaikumbuka kadi.

Mzee Casimir ana mamia ya kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji ambazo watu hukusanya na kuuziana, kwenye maboksi ya viatu, lakini ukisema "kadi" katika nyumba ile, ni moja tu: ya Dell Hanrahan, mrusha mpira wa zamani, ya mwaka wake wa kwanza katika ligi kuu. Casimir aliikuta ndani ya pakiti ya chingamu akiwa mvulana.

Mkewe alipofariki, mzee alimwambia bintiye asihofu, kadi ipo. Kiwanda cha vichwa vya treni kilipompunguza kazini, kadi ipo. Roxanne aliporudi nyumbani na mtoto mchanga baada ya ndoa kuvunjika, baba alimpokea mtoto mikononi, akasema vilevile.

"Siku hiyo nililala," anakumbuka Roxanne. "Nilikuwa sijalala wiki nzima."

Lakini siku hizi hakuna anayetoa pesa nzito kwa kadi ambayo haijapimwa. Wapimaji huikagua pembe, kingo na rangi, huipa alama kati ya moja na kumi, kisha huifungia kwenye plastiki ngumu. Kwa kadi ya thamani hiyo, ada ilikuwa dola 150. Ukiongeza bima na posta, ilikaribia 230, na kungoja ni miezi. Kadi ikikosa alama, ada hairudi.

Roxanne akaomba safari za ziada za kupeleka timu za shule kwenye mechi, mpaka dola hizo zikatimia. Baba hakuambiwa. Roxanne alitaka kumfurahisha kwa ghafla.

Gil Teague, mwenye duka la kadi ambaye huwasaidia wateja kuzituma kwa wapimaji, angeweza kupokea pesa na kunyamaza. Badala yake aliiweka kadi ya Hanrahan juu ya nyingine ya mwaka uleule. Ilikuwa fupi kidogo, kama unene wa ukucha. Mtu alikuwa amezipunguza kingo zake, ndiyo maana pembe zilionekana kali kama za kadi mpya.

"Dada, ukiituma hii hawaipi alama," alimwambia. "Na hela yako imekwenda. Ondoka nayo."

Roxanne alikaa ndani ya gari hadi vioo vikajaa ukungu. Hakuogopa hasara. Aliogopa kumwambia baba yake.

Alimwambia mezani, kwa sauti ya chini. Mzee hakushtuka. Aliuliza tu nani aliyeipima, kisha akasema: "Nilikata mwenyewe. Haikuwa ikiingia kwenye pochi."

Alifanya hivyo kwa wembe na rula, wiki aliyopata mshahara wake wa kwanza. Kwamba haina bei tena, mzee alikuja kujua wakati Roxanne akiwa bado shule ya msingi.

Roxanne hafichi kwamba alikasirika. Alimuuliza kwa nini alimdanganya miaka yote hiyo.

"Sikuwa na kitu kingine cha kukuambia," alijibu mzee.

Roxanne aliinuka, akaosha vikombe vilivyokuwa safi. "Nikawa nawaza," anasema, "mbona kila tulipokwama tulitoka, na hakuna aliyeiuza?" Akarudi, akaketi karibu na baba yake. Chai yao ilikuwa imepoa, wakainywa hivyohivyo.

Kesho yake, zile dola 230 zilinunua sinki la choo na vyuma vya kujishikilia. Habari zilipofika karakana ya mabasi, fundi makanika Otis Lampley, aliyewahi kufanya kazi ya mabomba na mjomba wake, alisema Jumamosi zake hazina kazi. Malipo aliyotaka ni pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, na ziwe za kabichi.

Jumamosi iliyopita, Mzee Casimir alikuwa ameketi kwenye mlango wa chumba cha kufulia, akisimamia.

"Maji moto yanakaa kushoto, kijana."

"Nimeona, mzee."

"Umeona, ila hujaweka."

Vifaa vilivyobaki vitagharimu kama dola 3,000, na Roxanne anavinunua kidogo kidogo. Anataka bafu liwe tayari Aprili, msimu wa besiboli ukianza.

Mabishano yamebaki kwenye kitasa. Otis hataki komeo, kwa kuwa wazee huanguka. Mzee hataki kusikia habari hiyo. Wamekubaliana kitasa kinachofungwa kwa ndani, lakini kinachoweza kufunguliwa kwa sarafu kutoka nje.

"Nataka nifunge mlango, basi," anasema Mzee Casimir. "Na binti yangu anywe kahawa yake asubuhi akiwa ameketi."