Njia Kumi na Moja za Kukubali

Kifurushi kiko hapa mezani, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba, na harufu imeshajaza chumba. Ni akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, inayochemshwa pamoja na majani ya porini kisha ikaanikwa hadi ikakakamaa. Jirani yangu hapa Kashai, ninapopanga, amepita mlangoni akasema inanukia vizuri. Kwangu mimi inanukia ofisi ya Mwalimu Mkuu, nami nimerudi kuwa wa miaka kumi na moja.

Nitawaeleza, ingawa najua hamtanipenda.

Nilisoma shule ya msingi kule Kamachumu, shule ya Kiingereza. Aliyeponyokwa na neno la Kihaya au la Kiswahili alivishwa kibao shingoni, akashinda nacho mpaka amnase mwenzake. Lakini kibao hakikunitisha kama yaliyompata Projestus. Siku moja mwalimu alimuuliza mbele ya paredi kama anakubali kwamba usafi ni jambo jema, naye akajibu kwa sauti ya kujiamini, "I am agree." Shule ilicheka mpaka aliyekuwa akipandisha bendera akaisahau katikati ya mlingoti. Tangu hapo hakuitwa Projestus tena, aliitwa Amegrii. Hata mama yake sokoni aliitwa Mama Amegrii, na maskini akaitika, akidhani ni jina la heshima.

Nikaapa kwamba mimi halitanipata. Nyumbani hapakuwa na wa kunifundisha, basi nikajifundisha. Nilikuwa na daftari dogo nililolifunika kwa gazeti, na humo nilikusanya namna za kukubali kwa Kiingereza bila kosa: kukubali kwa adabu, kukubali kwa mkazo, kukubali huku ukimsifu uliyekubaliana naye. Jioni nilimsomea mbuzi wetu, naye akatafuna majani yake bila kunipinga. Zilifika kumi na moja. Namna za kukataa sikuandika hata moja. Kwetu mtoto alimsikiliza mkubwa macho yakiwa chini, sasa kukataa ningekutumia wapi?

Nilitaka ya kumi na mbili, na ya kumi na mbili ilikuwa ndani ya kamusi. Darasa letu lilikuwa na kamusi moja tu. Mtunzaji wake alikuwa Kokusima, rafiki yangu wa dawati moja, msichana mkimya aliyelelewa na bibi yake. Kuitoa shuleni kulikatazwa, na Mwalimu Mkuu alikuwa ametangaza kwamba mtunzaji atakayeiharibu atakwenda nyumbani asirudi mpaka mzazi alete nyingine. Nilimbembeleza siku tatu. Siku ya nne, nyuma ya jiko la shule, alitoa akamwani moja mfukoni, akaipasua kwa meno. Ndani ya kila tunda punje huwa mbili. Moja akaitia mdomoni mwake, nyingine akanipa. Wazee wetu waliunga udugu namna hiyo, kwa kahawa na damu. Sisi tuliiruka damu, kwa kuwa nilikuwa mwoga.

"Tumenywana," alininong'oneza kwa Kihaya, yaani sasa sisi ni ndugu. "Mimi sitasema nimempa nani. Wewe uirudishe kama ilivyo."

Jioni ile nilikaa uani kando ya mikeka ya kahawa, nikinakili. Mvua ya Kamachumu haibishi hodi. Mama alipoita nyumba nzima tulikimbia, maana mvua ikishuka kwetu kinachookolewa kwanza ni kahawa. Tulikunja mikeka, tukabeba magunia, tukacheka tulivyolowa. Nilikuwa tayari nimekaa kando ya moto nilipokumbuka kwamba kamusi ilibaki juu ya jiwe.

Asubuhi kamusi ilikuwa imevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Kokusima aliipokea, akaifuta kwa sketi yake, akairudisha kabatini. Kabla ya saa nne tulikuwa tumeitwa sote wawili.

Nakumbuka ofisi ile kuliko chumba nilichozaliwa. Kibao kilining'inia kwenye msumari. Kokusima alikuwa na akamwani mfukoni, na joto la hofu yake liliitoa harufu ikanifikia. Mwalimu Mkuu alizungumza Kiingereza cha haraka. Alisema mtunzaji huyu ameitoa kamusi shuleni bila ruhusa na kuiharibu kwa uzembe wake. Kisha akanigeukia mimi, jirani yake wa dawati, akaniuliza kama nakubaliana naye.

Nilielewa kila kitu, msinitafutie udhuru. Jibu la kweli lilikuwa kifuani, lakini halikuwa daftarini. Nilijaribu kuliunda, likaja vipande vipande, nikaona paredi, nikaisikia shule nzima ikicheka, nikaliona jina langu jipya likinisubiri mlangoni. Nikanyoosha mgongo, nikatoa ile ya kwanza kwenye orodha, safi, kila neno mahali pake.

"I agree with you, sir."

Alitabasamu. Alinisifu kwamba hivyo ndivyo inavyosemwa, si kama wale wa "I am agree." Kokusima alitazama sakafu. Alikuwa ametafuna kahawa nami, kwa hiyo hakusema.

Bibi yake hakuwa na mahali pa kupata kamusi. Wiki mbili baadaye tulisikia Kokusima amehamia shule nyingine, mbali, upande wa ziwani. Nilijiliwaza miaka mingi kwamba Kiingereza cha Mwalimu Mkuu kilimpita, kwamba hakujua nilikubali nini.

Leo asubuhi nimekutana naye stendi ya Bukoba, ana mtoto mgongoni na kifurushi hiki mkononi. Tumesalimiana, tumecheka habari za Amegrii, ambaye sasa ni mwalimu. Nikamuuliza, kama mtu anayegusa jeraha aone kama limepona, iwapo siku ile alielewa yaliyosemwa.

"Yote," alisema. "Nilikuwa nasubiri sentensi ya pili."

Hakusema kwa hasira. Alinipa kifurushi, akapanda gari la Muleba.

Nilidhani kosa ni jambo la maneno, na ukiyapanga vizuri umeokoka. Sentensi ya pili ilikuwa fupi, "Ni mimi." Ningeisema kwa Kihaya nikavaa kibao mwaka mzima, au kwa Kiingereza kibovu kuliko cha Projestus, na ingetosha. Hata leo pale stendi sikuisema. Gari liliondoka nikiwa bado naipanga.

Kifurushi sijakifungua. Kila tunda lina punje mbili, na sijui ile ya pili nitampa nani.