Fundi Anayezungumzisha Chipu

Fundi wa vifaa vya umeme wimbo wake ni ule ule, na kila mteja anayekaa lazima ausikie: "Chipu ni kama watu. Waya unaotoka mdomoni mwa hii uingie sikioni mwa ile, na kasi ya maneno iwe moja." Maneno hayo hayamaliziki bila yeye kugonga meza kwa kidole chenye makovu ya kulehemu. Leo chipu zake mbili, vile vipande vidogo vya kielektroniki, zimenuna tangu asubuhi, hazizungumzi, naye anaziita viziwi. Mkewe, aliyemwita kunywa chai mpaka chai ikapoa, anachungulia mezani.

"Baba watoto, hapo umeunga mdomo kwa mdomo."

"Subiri nikufundishe, mama watoto," anasema fundi, akigonga meza. "Chipu ni kama watu..."