Ukuta wa Barafu Njia ya Kebirigo

Daktari wa macho mjini Kisii hakuzunguka mbuyu: jicho la kushoto lilikwisha kufa, na la kulia lilikuwa njiani. Baba mkwe wangu alimshukuru kana kwamba amepewa zawadi, akavaa kofia, akapanda kiti cha nyuma cha gari. Nyuma, si mbele. Kwetu mke wa mwana hakai bega kwa bega na baba wa mumewe, wala hawashikani mikono, hata kwa salamu. Ndiyo chinsoni, heshima tuliyoikuta. Mume wangu anafanya kazi mbali, kwa hiyo dereva ni mimi, na mzee hunielekeza barabara ninayoijua kuliko yeye.

Kabla ya Kebirigo tulikuta magari yamesimama. Mvua ya mawe ilikuwa imetutangulia. Nimezoea mawe ya huku, yale yanayotoboa majani ya migomba na kuyeyuka kabla hujaanua nguo. Haya yalikuwa mengine. Maji yalikuwa yameyasomba kutoka mashamba ya chai ya juu na kuyarundika kando ya barabara, yakashikana yakawa ukuta mweupe ulionipita kimo, mrefu hadi kwenye kona. Mvuke ulipanda juu yake. Harufu ya chai iliyopondwa ilikuwa kila mahali, na wanaume walikuwa wanakwea mlima kwenda kuona kilichobaki. Niliogopa, sitasema uongo. Nilikuwa nadhani nchi hii nilikoolewa naijua.

"Mokamwana," mzee aliniita, jina la mke wa mwana, "hicho cheupe ni nini?"

"Ni barafu, Baba. Ukuta mzima."

"Nifikishe. Nikione na hiki kijicho kabla hakijaenda."

Nilitafuta mwanamume wa kumshika mkono. Hakuna, wote walikuwa huko juu. Lisilo budi hutendwa, nikatoa mwavuli. Yeye akashika mpini, mimi ncha, tukavuka lami iliyojaa punje za barafu, mimi nikienda kinyumenyume. Akina mama waliokuwa wakipiga picha walitabasamu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Alipofika aliinama hadi pua ikagusa. Ndani ya ule weupe kulikuwa na samawati ambayo sijapata kuiona tena, na majani mabichi ya chai yamelala humo, kila moja na mishipa yake.

"Naona jani," alisema polepole. "Mungu ni mkubwa. Naona jani."

Nilitazama kando.

Tulipogeuka, miguu yake ilianza kuteleza. Mwavuli uliyumba huku na huku, haukusaidia kitu. Mzee akasimama, akauachia, akaninyooshea mkono.

"Nishike, mama. Wakikuuliza, waambie mzee hakuona ni mkono wa nani."

Niliushika. Ulikuwa wa baridi, na sikuuachia hadi mlangoni mwa gari.