Nilimwambia Mwamu Wangu Ainunue, Nami Ufa Nimeuona

Mimi ni mtu mbaya. Naanza na hilo ili asitokee msomaji wa kunitafutia udhuru njiani. Sikupitiwa, sikulewa, sikulazimishwa na mtu. Nilifanya mchana kweupe, akili zangu timamu, na nilipomaliza nikaenda zangu kunywa kahawa!

Jina langu sitaji. Watu wa Mji wa Kale watanijua, na wanijue. Wengi wao hawaniitikii salamu hata sasa.

Nilikuwa fundi wa pikipiki, karakana moja karibu na Makupa, hapa hapa kisiwani Mombasa. Nilioa nyumba ya watu wenye jina. Mke wangu nitamwita Zuhura, na si jina lake. Zuhura alikuwa na kaka yake mkubwa, nitamwita Athmani, fundi wa saa mwenye kiduka kule Ndia Kuu. Mkono wake ulikuwa haukosei. Saa iliyokufa miaka kumi alikuwa akiifungua, akiipulizia, akiitia kibano, ikaamka.

Huyo ndiye mwamu wangu. Nilimchukia. Wallahi nilimchukia!

Naye hakunipenda. Siku ya posa aliwauliza wazee mbele yangu, "Hivi hakupatikana kijana msafi?" Zuhura alinitaka, basi kaka yake akakubali, lakini hakusahau. Idi ya kwanza baada ya harusi tulialikwa kwao. Wanaume tumeketi, sinia la pilau limewekwa kati, nimenyoosha mkono. Athmani akaita ndani, "Mleteeni huyu sahani yake peke yake. Mikono hiyo imetoka kwenye oili."

Nilikuwa nimenawa kwa sabuni mara tatu! Nilikula kwenye sahani yangu, wanaume saba wakinitazama.

Sisemi haya ili mnionee huruma. Nasema ili mjue chuki yangu ilikuwa na chakula chake.

Sasa sikilizeni. Athmani alikuwa akisafiri sana kwa kazi yake. Saa kubwa za ukutani haziletwi dukani, fundi ndiye huzifuata. Alikuwa akienda Malindi, Voi, hata Taveta, na kwa basi alikuwa akipoteza siku tatu kwa kazi ya saa moja. Akaona anunue pikipiki. Si hizi ndogo za kuzungukia mjini, la. Alitaka pikipiki kubwa ya safari ndefu, yenye nguvu ya kubeba mtu na mizigo yake. Mpya hakuiweza. Lakini ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya uhuru, wazungu wengi wanafunga mizigo warudi kwao, na pikipiki zao zilikuwa zikikusanywa na dalali mmoja kule Shimanzi.

Athmani akaja karakanani. Hakuingia, alisimama mlangoni kanzu kaishika isiguse kitu.

"Dada yangu asema wewe wajua mambo haya."

"Najua."

"Basi kesho twende ukanitazamie. Usinipotezee wakati."

Hata tafadhali hakusema! Nikamwambia, "Haya, mwamu."

Kule kwa dalali zilikuwepo mbili za kufaa, zote za Kiingereza, zote za silinda mbili. Moja nyeusi, mbaya ya sura. Kiti kimechanika, ekzosi ina kutu, taa ya nyuma haipo. Ya pili nyekundu, inang'aa kama imetoka dukani jana.

Nilianza na ile nyeusi. Nikaipiga kiki, ikaitika mara ya kwanza. Nikaisikiliza, nikachungulia oili, nikaizungusha uwanjani, nikashika breki ghafla. Imara! Mwenyewe aliitumia sana lakini aliitunza. Ile ingekwenda Nairobi na kurudi bila kukohoa.

Nikaja kwenye nyekundu. Injini nzuri, sisemi uongo. Lakini nilipoinama chini ya tangi, pale fremu inapoushika usukani, niliona rangi ya pale si sawa na ya kwengineko. Ilikuwa mpya zaidi. Nikaikwaruza kidogo kwa ncha ya bisibisi. Rangi ikabanduka, na chini yake nikaona risasi ya kulehemu iliyojaziwa, na chini ya risasi, ufa. Urefu wake kama pingili ya kidole.

Wasiojua kazi hii niwaeleze. Hapo ndipo shingo ya pikipiki. Ufa wa pale si wa kuziba kwa risasi na kupaka rangi. Pikipiki hiyo yaweza kukubeba mwezi, yaweza kukubeba mwaka, lakini siku moja itakatika, na itakatika ukiwa kwenye mwendo.

Maneno yalikuwa mdomoni. Naapa yalikuwa mdomoni! Nilikuwa ninainuka niseme, "Mwamu, hii wacha."

Athmani kasimama na dalali, kitambaa kakiweka puani kwa harufu ya petroli. "Wachelewa nini?" akaniambia. Kisha akamgeukia dalali akacheka, "Huyu mpe bisibisi tu, atajiona daktari." Dalali naye akacheka.

Nikayameza maneno yangu.

"Yafaa," nikasema. "Kwa safari ndefu hutapata kama hii."

"Na ile nyeusi?"

"Ile? Ile ni ya kubebea makaa."

Akainunua nyekundu siku ile ile. Nami siku sita baadaye nilirudi peke yangu, nikainunua ile nyeusi. Ndiyo! Nilimsukumia yeye kifo, kizuri nikajiwekea mimi. Mnaonaje? Bado mnanitafutia udhuru?

Akaanza safari. Malindi ya kwanza alikwenda, akavuka kivuko cha Mtwapa, akavuka cha Kilifi, akarudi salama. Ya pili, salama. Kila akiondoka nilikuwa najiambia labda ufa ule utatulia. Kila akirudi nilikuwa napumua, kisha najiona mjinga kwa kupumua. Mtu niliyemtakia shari, mbona namhesabia siku za kurudi?

Jioni moja Zuhura aliniambia huku anakunja nguo, "Leo kaka amekusifu."

"Mimi?"

"Asema hajapata kuona jema kwako ila hili la pikipiki. Asema walau kazi yako waijua."

Sikula usiku ule. Kesho yake ningeweza kwenda Ndia Kuu, nikasema ukweli, yakaisha. Sikwenda.

Na hili linalofuata ndilo baya zaidi. La kwanza lilikuwa chuki. Hili lilikuwa woga, na woga sina hata pa kuuegemezea.

Mwezi wa tatu tangu ainunue, Athmani alikuja karakanani na pikipiki yake. Safari hii aliingia ndani.

"Usukani wanitetema nikitia mwendo," akasema. "Zamani haukuwa hivi. Hebu nitazamie, keshokutwa nakwenda Voi. Msikiti wa huko saa yao imesimama."

Nilijua maana ya mtetemo ule. Ufa ulikuwa unakua! Mungu alinirudishia pikipiki ile mpaka mkononi, nami ningeweza kusema, "Iache hapa, imeharibika, usiipande tena." Lakini mafundi wenzangu walikuwa wamesimama wanasikiliza. Nikawaza, wakiuona ufa wa zamani wataniuliza, wewe si ndiwe uliyemchagulia? Ulitazama nini?

Nikachukua spana nikakaza nati moja ambayo haikulegea. Nikaligonga tairi la mbele.

"Ni upepo wa tairi tu, mwamu. Kwenye mashimo punguza mwendo."

"Ahsante," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno hilo tangu nimjue.

Siku ya safari ile ya Voi, jioni, nilikuwa karakanani Zuhura alipoingia. Alikuwa hajawahi kufika pale. Buibui limemteremka mabegani, viatu mkononi.

"Athmani kaanguka! Kaanguka Maungu, njia ya Voi! Wamemleta kwa lori!"

Kama nilivyojua. Njia ile kule mbele ilikuwa changarawe tupu, matuta matupu, na pikipiki ilikuwa imebeba mtu na mzigo wa vyuma vya saa ya msikiti. Shingo ikakatika. Gurudumu la mbele likaenda kwake, yeye akaenda kwake. Wenye lori waliomwokota walisema walimkuta mkono wa kulia umelaliwa na injini yenye moto.

Hospitali waliukata mkono juu kidogo ya kifundo, pale watu wanapovaa saa. Mkono wa kulia. Mkono wa fundi wa saa!

Nilikuwepo alipozinduka. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Saa ya watu imepona?" Alikuwa bado hajajua. Kisha akataka kujipangusa uso, akainua bandeji. Akaitazama. Aliishusha taratibu, akageukia ukutani.

Mimi nikatoka nje.

Wiki tatu nilinyamaza. Watu walikuwa wakija kutupa pole, hata mimi! Nilikuwa napokea pole, nasema amina. Zuhura alikuwa akishinda hospitali akirudi kachoka, na kila usiku alikuwa akinipoza mimi, akidhani nina huzuni ya nduguye.

"Usijilaumu," akaniambia usiku mmoja. "Chuma kina ajali yake. Hata wewe usingeweza kujua."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ufa. Niliuona siku ya kwanza, kwa dalali. Niliuona kwa macho yangu."

"Na alipokuletea karakanani, kwamba usukani watetema?"

"Nilijua pia."

Zuhura aliinuka akajitanda. Nikamwuliza wenda wapi. Akasema, "Usinisemeshe. Usinisemeshe tena maishani mwako." Akaenda kwao kwa miguu.

Athmani aliniita siku ya pili baada ya kutolewa hospitali. Nilimkuta kitandani, wazee wawili wa ukoo wameketi pembeni. Nilipiga magoti. Nikasema yote, la sahani na la kitambaa puani, nikadhani yatanisaidia.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikudharau," akasema. "Kweli. Nitamjibu Mungu kwa hilo. Lakini nilipotaka mtu wa kumwamini na roho yangu, nilikuja kwako, si kwa mwengine. Nilikudharau wewe, ufundi wako sikuudharau. Ufundi umeudharau mwenyewe."

"Nisamehe, kaka."

"Mimi si kaka yako. Kusamehe kwa mkono gani? Toka."

Mzee mmoja akajaribu kusema neno la suluhu. Athmani akamkata, "Mzee, nakuheshimu. Lakini mtu huyu akibaki humu ndani nitainuka, na nikiinuka kutakuwa na maiti." Nikatoka kinyumenyume.

Nilifanya ujinga mmoja zaidi. Nilipeleka ile pikipiki nyeusi mlangoni kwao, eti iwe fidia. Mtu asiye na mkono wa kulia nampelekea pikipiki! Kesho yake niliikuta mlangoni kwangu, tairi zimekatwa, tangi limejazwa mchanga. Sikuuliza nani.

Zuhura alidai talaka yake, nikaitoa. Karakanani hawakunifukuza, wateja ndio walionifukuza. Nani atamwekea pikipiki yake mtu kama mimi? Siku hizi nauza mafuta ya taa ng'ambo huko Kisauni, na nikiwa na haja mjini naenda mchana wa jua kali, watu wakiwa ndani.

Athmani bado ana kiduka chake. Binamu yake ndiye anayeshika kibano, yeye humwelekeza kwa mdomo: kushoto, taratibu, hapo, usibonyeze. Nilipita mara moja nikamsikia. Binamu alikuwa hafahamu, na Athmani akawa anakariri neno lile lile, sauti yake imechoka. Sijapita tena.

Nyinyi mnaokwenda kununua pikipiki kuukuu kwa safari za mbali, msidanganywe na rangi! Inama chini ya tangi. Itazame shingo. Ukiona pamepakwa rangi hapo peke yake, jiulize kwa nini. Na msimchukue kwenda kutazama mtu mnayemtukana, mkadhani ujuzi wake hausikii matusi.

Na wewe fundi mwenzangu, ambaye sasa hivi una mteja mlangoni anayekuona takataka, nawe umekwisha kuona kasoro asiyoiona yeye. Najua unavyojisikia. Najua raha yake, hudumu kama kikombe kimoja cha kahawa. Mwambie! Mwambie kwa hasira, mwambie kwa matusi ukitaka, umfukuze karakanani kwako. Atakutukana, utamtukana, ataondoka zake, na mtabaki maadui maisha yenu yote. Lakini mtabaki maadui wazima.