Namba ya Milimita

Fundi wa matairi tunayemzungumzia hapa aliitwa Milimita, na jina hilo hakujipa. Alipewa na wateja waliochoka kumsubiri. Wenzake hufunga rimu kwa kukisia. Yeye hulainisha sabuni ya mche kwa maji, akaibandika ndani ya madigadi, akawapakia watu wazito garini, kisha akakata kona uani. Sabuni ikikwaruzwa, tairi hilo ni pana mno, hata mteja alie machozi. Kwa miaka ishirini na miwili, namba yake haikuwahi kumrudia na aibu.

Ila kibanda chake kilikuwa cha mabati, na ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la fundi mwenzake, Kioo. Wawili hao walijifunza kazi kwa bwana mmoja, wakaosha nati katika karai moja. Sasa Kioo ana ukuta mzima wa rimu zinazong'aa, kochi la wateja na birika la umeme. Milimita ana benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Kila gari la maana lililokata kwenda ng'ambo alilihesabu, na yote aliyakumbuka kwa rangi zake.

Lililommaliza kabisa ni gari la daktari wa meno. Lilikuwa la mbio, jekundu, linanguruma hata likiwa limesimama. Daktari alitaka rimu za inchi kumi na nane, pana kuliko zile za kiwandani, na matairi mapana ya kushika lami. Milimita alilipimia asubuhi nzima, muda mwingi akiwa amelala chali chini yake. Akapata thelathini na nane, namba inayoonyesha rimu ikae ndani au nje kiasi gani. Ukiipunguza, gurudumu linatoka nje. Daktari alishukuru sana, akauliza rimu zenyewe ziko wapi. Akaambiwa zitaagizwa, asubiri wiki mbili. Kesho yake gari likaonekana kwa Kioo, na daktari kwenye kochi, kikombe mkononi.

Wivu ulimla Milimita mpaka chai ikamshinda. Mkewe alimwambia waziwazi kwamba anamwonea mwenzake gere. Akajibu kuwa yeye si mtu wa gere, akapiga teke ndoo isiyo na kosa.

Saa nane mchana simu ikalia. Alikuwa Kioo, mchangamfu kama kawaida yake, akisema daktari amemweleza kuwa vipimo vilishachukuliwa, basi amsaidie namba tu. Rimu anazo za kila aina.

"Kumi na nane," alisema Milimita.

Alikuwa amepunguza ishirini nzima, na sauti haikutetemeka. Alijua matairi yatakwaruza madigadi kwenye kona kali ya kwanza, na Kioo ataona haya mbele ya kochi lake. Raha hiyo ilidumu nusu saa. Ndipo mkewe akarudi kutoka dukani, anacheka. Alikuwa amepita kwa Kioo, akamsikia akiwatambia wateja kwamba gari la daktari halina wasiwasi, vipimo ni vya Milimita mwenyewe. Tena jioni hiyo hiyo, alisema mkewe, daktari anampeleka mama yake kwao, kwa ile barabara ya milimani yenye kona.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alikuwa amelitia maji kwanza, sifa zikaja baadaye.

Alivuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Njiani alijitungia uongo wa pili wa kuufunika ule wa kwanza: simu ilikuwa inakatika, Kioo hakusikia vizuri.

Alikuta gari liko juu ya jeki, magurudumu ya mbele yameshafungwa. Kioo alikuwa amechuchumaa, jasho linamtiririka, akafurahi kumwona.

"Kaka, nimezeeka," alisema. "Nilipima na mimi kidogo, nikapata thelathini na nane. Nikarudia, ikaja ile ile. Nikajua futi yangu imekufa, nikaitupa."

Alionyesha ndoo ya taka. Futi ilikuwa juu ya vitambaa vya grisi, ile ya njano waliyopewa na bwana wao siku moja, kila mtu na yake.

Uongo wa simu ulimfia Milimita mdomoni. Aliinama, akaitoa futi, akaifuta kwa shati lake.

"Futi yako ni nzima. Ni thelathini na nane. Nilikudanganya makusudi, kwa wivu."

Daktari akashusha kikombe. Kioo hakutukana, ingawa Milimita angeshukuru kama angetukana. Aliipokea futi, akafungua magurudumu yote mawili, akateremsha rimu nyingine ukutani. Kisha akamwuliza namba, kama mtu anavyomwuliza mgeni.

"Thelathini na nane," alisema Milimita.

Kioo aliitikia kwa kichwa, akalala chini ya gari, akapima upya.