Mtu wa Juu ya Jiwe

Wamekuja mara tatu, hawa wa chama cha picha, wakitaka maneno ya kubandika chini ya picha yao kubwa. Mara ya kwanza niliwaambia nina mafua. Mara ya pili nilijifanya sisikii. Mara ya tatu wamenikuta mlangoni, sina pa kukimbilia. Haya. Shule niliishia darasa la pili na mwandiko wangu ni wa kuku kuparua, lakini siku ile nilikuwapo, na wenye mwandiko mzuri walikuwapo na hawakuona kitu. Someni polepole.

Yule mnayedhani mnamwona kwenye picha ni mdogo wangu, tumbo moja. Alipofiwa na mumewe, shemeji yake mwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa alimpa kazi ya kutandika vitanda kumi na vinne, na chumba nyuma ya jiko. Chumba hicho kilikuwa stoo ya mkaa. Hakikuwa na dirisha, na komeo lake lilikuwa nje, maana mkaa haujifungii mlango. Kila akiomba dirisha, jibu lilikuwa moja: "Kesho, shemeji." Ndiyo maana mimi yule bwana namwita Kesho. Miaka kumi na moja, dirisha halikutobolewa.

Wageni wenyewe walikuwa wapiga picha. Walikuja kundi zima kwa basi dogo, leo mlima huu, kesho ziwa lile, wamebeba kamera na vile visimamio vya miguu mitatu. Mkuu wao walimwita Mwalimu, mtu wa kizibao chenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Siku moja akasema mlima bila mtu hauonekani ukubwa wake. Akamwona mdogo wangu anaanika mashuka, amejitanda kitambaa changu chekundu nilichomwazima kwa ajili ya kikohozi.

"Mama, nenda ukasimame juu ya lile jiwe la majini. Tupe kisogo, huo wekundu uonekane. Usigeuke."

Akavuka maji ya magoti, akasimama. Basi. Kuanzia siku hiyo kila kundi lilimtaka, na Kesho akaifanya kazi ya kumi na tano baada ya vitanda. Kitambaa changu nacho hakikurudi.

Kazi gani kusimama? Ndivyo mnavyowaza. Aliyewapa watu kisogo hajui wanafanya nini nyuma yake. Kuna siku walimaliza, wakafungasha, wakaenda kunywa chai, hakuna aliyekumbuka kumwambia. Alisimama pale mpaka Kesho alipotoka kutafuta taulo.

"Bado upo? Si wamemaliza zamani!"

"Nani aliniambia?"

Wageni wakacheka. Na yeye akacheka, afanyeje. Kisha akaenda kuloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, na miguu ikakataa kupata joto.

Ana mtoto mmoja tu, binti, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa. Mwaka juzi binti alishikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Kesho akasema wageni wapo, utaenda kesho. Mdogo wangu akaenda hiyo kesho, akakuta tuta dogo la kaburi nyuma ya nyumba, na binti ameelekea ukutani.

"Mama, ulikuwa wapi?"

Akamwambia kweli. "Nilikuwa nimesimama."

Sasa njooni kwenye siku ya picha yenu. Asubuhi mkwewe alipiga simu: "Mama, uchungu umeanza. Anakuita wewe." Boti ya kuvuka ni moja kwa siku, na hupita saa tatu. Mdogo wangu akamfuata Kesho na kifurushi mkononi.

"Shemeji, naenda kwa mwanangu."

"Mlima ukishapigwa, uende. Basi lao linaondoka saa nne."

"Boti ni saa tatu."

"Kuna ya kesho."

"Ya kesho niliipanda mwaka juzi, shemeji."

Kesho akatazama pembeni. "Ukiacha jiwe, usirudi chumbani. Tusije tukalaumiana."

Mdogo wangu akajifunga kitambaa, akaingia majini. Wewe utasema angekataa tu. Kalale kwanza miaka kumi na moja katika chumba cha mtu, chenye komeo nje, halafu uje useme.

Wingu lilikuwa limeukalia mlima kama kuku juu ya mayai. Watu kumi wa Mwalimu wameinama nyuma ya kamera zao.

"Jamani, nina mgonjwa!" akaita bila kugeuka.

"Dakika tano, mama! Wingu linatoka!"

Zile tano zikazaa tano nyingine, nazo zikazaa. Miguu ikafa ganzi. Alikuwa akitandika vitanda kichwani, kitanda cha kwanza, cha pili, ili asimsikie binti yake. Alipofika cha tisa akasikia mashine ya boti.

Na ndani ya boti, juu ya gunia la mkaa, nilikuwamo mimi, maana nami nilipigiwa simu, na nguo za kumpokelea mtoto. Kitambaa changu nilikitambua kwa mbali.

"Nahodha, pinda pale kwenye jiwe."

"Bibi, pale si kituo."

"Pale ni mdogo wangu."

"Haiwezekani, bibi."

Nikasimama. Boti ikayumba, abiria wakapiga kelele: "Kaa, bibi, utatuzamisha!" Nikawaambia apinde, nitakaa. Akapinda.

"Wewe! Shuka hapo!" nikamwita.

"Dada, wingu bado!"

"Wingu ndilo lililokuzaa?"

Hapo akageuka. Kwa mara ya kwanza aliona kinachokaa nyuma yake: macho kumi ya vioo, Mwalimu anapunga mikono, na Kesho ufukweni anafoka. Hakutukana. Alikivua kitambaa, akakitandaza juu ya jiwe, akakigandamiza kwa kijiwe. "Wekundu wenu huo!" Akatumbukia upande wa kina, maji yakamfika kifuani. Abiria wakamvuta ndani kama gunia lililolowa. Wingu likainuka, na nyuma yetu tukasikia kamera zote zikilia kwa pamoja.

Tulifika adhuhuri. Binti alikuwa ameelekea ukuta uleule.

"Mama?"

"Nipo. Nimekaa hapa."

Mtoto alikuja alasiri. Msichana, na sauti ipo.

Godoro la mdogo wangu lilitupwa nje siku hiyohiyo. Sasa tunalala kitanda kimoja, mimi na yeye, na anakoroma. Mlango wangu komeo liko ndani. Lakini mpaka leo akitaka kutoka husimama kwanza kizingitini, anangoja, kama kuna mtu wa kumwambia wamemaliza.

Basi maneno yenu ni hayo. Mmeuliza mtu wa kwenye picha ni nani: ni kitambaa. Mtu aliondoka. Na kitambaa ni changu, nasikia Mwalimu alikichukua kiwe ukumbusho. Wewe uliyesimama hapo mbele ya picha ukisoma, nenda ukamwambie akifue, akipige pasi, akilete kwa mkono wake. Akifika asibishe hodi. Asimame uani, atupe kisogo, na asigeuke mpaka mdogo wangu atakapomwambia basi.